Mmea wa Maharagwe kwenye Kanzu ya Sophie

Colombe alinifundisha kuchora mstari mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mzima.

Ilikuwa mwaka wa 1956, hapa Bukavu, katika chumba cha kushona cha masista kule Kadutu. Sisi tuliwaita masere. Tulikuwa wanawake na wasichana kumi na wawili kwenye meza ndefu, tukidarizi vitambaa vya altare, mashuka na kanzu za ubatizo. Lakini sindano haianzi kabla mtu hajachora ua au jani juu ya kitambaa kwa kreyo, penseli ya bluu, na mtu huyo alikuwa Colombe. Kreyo ile haikuwa na huruma. Ukipita mara mbili mahali pamoja, bluu inakuwa nzito, nayo inaonekana chini ya uzi mweupe hata baada ya kufua mara tatu. Mstari ulipaswa kutoka mara moja, mwembamba, bila kusita.

Mimi nilichora kama mtu anayevuka kijito gizani. Hatua moja, nasimama, hatua nyingine, narudi.

"Euphrasie," Colombe aliniuliza siku ya kwanza, "huu ni mustari ama ni kiwavi? Iko na manyoya!"

Wote walicheka, na Georgette, aliyekaa mbele yangu, alicheka kuliko wote. Lakini saa ya chakula, wenzetu walipotoka nje, Colombe alinikatia nusu ya kiazi chake. Kisha akasimama nyuma yangu na kuweka mkono wake juu ya mkono wangu. Ulikuwa baridi. Alikuwa ananawa kila mara ili asichafue vitambaa, kwa hiyo mikono yake ilikuwa baridi siku zote.

"Usichore na vidole," alisema. "Vidole viko na woga. Chora na bega. Kwanza pitisha mukono mu hewa, bila kugusa, ile njia yote. Mara moja. Mara mbili. Ya tatu, shuka. Na usiangalie kreyo. Angalia pale unaenda. Mustari inafuata macho."

"Na nikikosea?"

"Ukikosea, endelea. Na kwa mwisho usisimame sawa mutu amegonga ukuta. Inua mukono polepole, sawa ndege iko inatoka juu ya maji."

Alinifundisha hivyo miezi minne, kila saa ya chakula, na tumbo lake likikua. Mumewe Philémon alikuwa kazini Shabunda, na barua zake zilichukua wiki nyingi kufika. Kwa ajili ya mtoto, Colombe alikata gauni lake la harusi na kutoa kanzu ndogo ya ubatizo, akaitandaza mezani kabla ya kuishona, akaanza kuchora pindo. Masere Delphine, msimamizi wetu, alitaka mzabibu. Colombe hakuwahi kuona mzabibu maishani mwake. Alichora mmea wa maharagwe, ule unaopanda mti kwa kujizungusha, na majani yake ya pembe tatu. Masere alivaa miwani, akatazama, akacheka mpaka machozi yakatoka.

"Basi, iwe maharagwe," alisema. "Mungu anakula pia."

Mstari ulianzia ubavu wa kushoto wa kanzu, ukaenda chini kwenye pindo, na ulitakiwa kulizunguka lote mpaka ukutane na mwanzo wake. Colombe alikuwa amefika katikati alipopatwa na uchungu. Mtoto alizaliwa Alhamisi asubuhi. Colombe alimtazama mtoto wake muda wa kama saa moja. Mama yake, Maman Anne-Marie, alituambia kwamba hakutazama kitu kingine, si mkunga, si dirisha, hata yeye mama yake. Kisha damu ikatoka na haikusimama. Alikufa macho yakiwa wazi, kichwa kimegeukia upande wa mtoto.

Mtoto alipewa maji ya ubatizo palepale, kwa haraka, akaitwa Sophie. Sherehe ya kanisani, pamoja na kanzu, ilipangwa Jumapili ya wiki ya nne.

Maman Anne-Marie ndiye aliyepiga pasi kwenye chumba chetu. Baada ya msiba alirudi kazini na Sophie mgongoni, akitembea kutoka Bagira kila asubuhi. Alimlaza mtoto ndani ya kikapu karibu na dirisha, mbali na pasi ya makaa. Georgette, ambaye alikuwa na mtoto wake wa miezi sita, alimnyonyesha Sophie bila kuombwa. "Maziwa yenyewe yanamwangika bure," alisema, akiangalia pembeni, kama mtu aliyekamatwa anafanya kosa.

Kazi ya kreyo Masere alinipa mimi, kwa kuwa hakuna mwingine ambaye Colombe alimfundisha. Nilichora vitambaa vidogo vya mezani, na viwavi vyangu vilipungua manyoya kidogo. Lakini kanzu ya Sophie sikuigusa. Ilikaa ndani ya sanduku la mbao, na ufunguo ulining'inia kwenye mshipi wa Masere.

Jumatatu ya wiki ile ya nne, Masere alifungua sanduku.

"Unamaliza leo, Euphrasie. Wadarizi wanahitaji siku zao."

Nilitandaza kanzu. Asubuhi hiyo ukungu wa ziwa ulikuwa umepanda mpaka madirishani, na mwanga ndani ulikuwa mweupe, hauna upande. Nilitafuta mahali Colombe alipoishia. Nilipapata, lakini mstari haukuwa umeishia hapo. Uliacha pindo ukapanda juu, urefu wa kidole kimoja, na jani moja. Ulikuwa mwembamba, safi, haukusita popote.

"Georgette," nilisema, "ni weye ulichora hapa?"

"Miye? Miye nachora sawa kuku anachakura, na unajua."

Niliamini kwamba macho yangu yalikosea wakati wa msiba, kwamba Colombe mwenyewe alikuwa amechora hivyo. Niliomba nimalize kesho.

Siku hiyo hiyo Maman Anne-Marie alisema kwamba Sophie ana joto. Jumamosi alikuwa amemtoa funza kwenye kidole cha mguu kwa sindano, na sasa kidole kilivimba. Alikwenda naye dispensari, mtoto akapigwa sindano ya penisilini. Muuguzi alimwonyesha mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, uliotoka kidoleni na kupanda kwenye mguu.

"Muangalie huu kila siku, Maman," alisema. "Ukishuka, ni vizuri. Ukifika kwa moyo, ni kwisha."

Jumanne kanzu ilipofunguliwa, mstari wa bluu ulikuwa umepanda kidole kingine kizima.

Safari hii Masere aliona. Alitutazama mmoja mmoja, si kwa hasira. Akaikunja kanzu, akaenda nayo chumbani kwake, akaifungia ndani ya kabati lake mwenyewe. Jumatano aliirudisha ameishika kwa ncha za vidole, uso umebadilika rangi. Mstari ulikuwa umefika mahali ambapo goti la mtoto lingekuwa.

Nilikuwa bado naitazama pale Maman Anne-Marie alipomfungua Sophie kwenye kanga, karibu nami, abadilishe kitambaa kidoleni. Mguu wa mtoto ulikuwa kwenye mwanga. Mstari mwekundu ulipanda kutoka kidoleni, ukajipinda nyuma ya goti, na hapo palikuwa na alama ndogo iliyotoka pembeni. Ilikuwa na pembe tatu.

Niligeuza macho kwenye kanzu. Mpindo uleule. Jani lilelile.

Maman Anne-Marie alikuwa anatazama mahali ninapotazama. Hakupiga kelele. Aliketi chini polepole, kama mtu anayeweka mzigo.

"Colombe," alisema, "uko unafanya nini, mwanangu?"

Nilichukua sehemu laini ya ndani ya mkate, ile tuliyotumia kufutia kreyo, nikaanza kusugua ule mstari. Bluu ilififia. Sophie alilia mlio ambao sikuwahi kusikia kwa mtoto mchanga, mlio wa mtu mzima, na alilia mpaka nilipoacha. Nilipoondoa makombo, mstari ulirudi mbele ya macho yetu, mzito kuliko mwanzo.

"Tuichome," Georgette alinong'ona.

"Wapi, hapana!" Maman Anne-Marie alisimama. "Umeona mustari ikisuguliwa tu, mutoto alivyolia? Na weye unataka moto?"

Masere Delphine alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale muda gani. Alikuwa mwanamke wa sala na kalamu, asiyependa hadithi za namna hii. Alikuja mezani, akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha Sophie, akakiacha hapo.

"Dispensari itafanya kazi yake," alisema. "Mimi nitasali. Na wewe, Euphrasie, kazi yako ni mstari. Kama umetoka njiani, urudishe njiani."

"Masere, mimi mukono yangu inatetemeka."

"Basi uifundishe isitetemeke. Sitakupa kazi nyingine wiki hii."

Alipotoka, nilikuta ameniachia mezani mkate wake wa asubuhi, mzima, na kreyo mpya.

Georgette ndiye aliyekusanya magazeti ya zamani. Nilifika kabla ya wote Alhamisi, nikatandaza gazeti, nikaanza. Nilinawa mikono. Nilisimama, kwa kuwa Colombe alisema mtu aliyekaa anachora na kiwiko. Nilishusha mabega. Niliweka nukta moja kushoto na nukta moja kulia, nikapitisha mkono hewani, mara moja, mara mbili, na ya tatu nikashuka. Mstari ulitetemeka. Sikuurekebisha. Nikaweka nukta nyingine. Kumi, ishirini, hamsini. Nikabadilisha, nikachora ya kupinda, juu kwenda chini. Nilipochoka nilitembea mpaka dirishani, nikanyoosha mkono, nikarudi. Kufikia mchana nilikuwa na mistari zaidi ya mia mbili, na ile ya mwisho haikuwa na manyoya.

Lakini ilikuwa na jambo lingine, na Georgette ndiye aliyeliona, akiwa amesimama na Sophie kifuani.

"Yote inaenda kuume," alisema. "Angalia. Unaweka nukta hapa, na mustari inapita pembeni yake. Uko na kichwa kibaya leo?"

Ilikuwa kweli. Kila mstari ulianza vizuri, kisha ukaegemea kulia, kama mti ulioegemezwa na upepo wa upande mmoja. Nilifikiri ni bega. Nilibadilisha nilivyosimama. Ikaendelea. Kisha nikafuata mistari ile kwa macho, nikavuka ukingo wa gazeti, nikavuka meza, na mwisho wa njia yake ilikuwa kikapu cha Sophie.

Nilikuwa namwangalia mtoto. Kila nilipochora, bila kujua, nilikuwa natupa jicho kuona kama bado anapumua.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mstari unafuata macho. Colombe hakutaka kumchukua mtoto wake. Alikuwa anamaliza kazi yake tu, kidole kimoja kwa siku, ile kanzu aliyotaka Sophie avae. Lakini hakuweza kuangalia anakokwenda. Alikuwa bado anaangalia pale alipoangalia saa ile ya mwisho.

Nilimweleza Maman Anne-Marie. Alisikiliza mpaka mwisho, pasi imesimama hewani. Mstari mwekundu siku hiyo ulikuwa kwenye paja. Ijumaa ulipita kitovu. Sophie alikuwa amechoka kulia. Alinyonya kidogo, pumzi ikimkwaruza, kisha akaacha titi na kutazama juu, mahali pasipo mtu, nyuma ya bega la Georgette. Alitazama na kutulia, kama watoto wanavyotulia wakimwona mtu wanayemjua. Hilo lilituogopesha kuliko kilio.

Ijumaa nilijaribu. Niliposhika kreyo juu ya kanzu, mkono wangu wenyewe ulivutwa kulia, nikarudi nyuma kabla sijagusa. Sikuwa tayari. Nilichora mistari mingine mia tatu, nikiwa nimegeuzia kikapu mgongo, na kila nilipotaka kugeuka nilijiuma mdomo.

Jumamosi saa mbili asubuhi mstari wa bluu ulikuwa chini ya titi la kushoto. Ulibaki upana wa vidole viwili kufika pale moyo unapokaa. Hatukumfungua Sophie kuangalia. Hatukuhitaji.

Nilichora mistari sitini kwenye gazeti, ili mkono upate moto. Georgette aliihesabu kwa sauti, na sauti yake ilisaidia. Yote sitini ilikwenda kwenye nukta.

"Maman," nilimwambia Maman Anne-Marie, "nataka umuchukue mutoto, ukae nyuma yangu, nisimuone. Na umuambie Colombe."

"Nimuambie nini?"

"Kwamba kuko mutu anamuangalia mutoto. Yeye hawezi kuondoa macho kwake kama haamini."

Maman Anne-Marie alimtoa Sophie kikapuni. Nilimsikia akikaa nyuma yangu, kiti kikilia. Ukungu ulikuwa umerudi, mweupe kwenye vioo vyote. Wasichana wengine waliacha sindano zao. Nilitandaza kanzu, nikaweka ncha ya kreyo juu ya mwisho wa mstari wa Colombe, bila kugusa. Kisha nikatafuta ninapokwenda. Ilikuwa mbali. Nilipaswa kugeuza mmea pale kifuani, niuteremshe kupitia upande wa pili wa tumbo mpaka kwenye pindo, niuzungushe mpaka mwanzo wake ubavuni kushoto, mahali Colombe alipoweka nukta miezi miwili kabla. Niliitazama ile nukta.

Nikapitisha mkono hewani mara ya kwanza.

"Colombe, mwanangu," Maman Anne-Marie alisema nyuma yangu. Sauti yake ilikuwa ya kila siku, ile ya kumwita binti aje kula. "Niko hapa. Niko naye ku mikono. Ni miye niko namuangalia. Nitamuangalia muchana na usiku. Nitamuangalia mupaka azeeke, ao mupaka miye nikuje kwako. Weye angalia kazi yako."

Mara ya pili. Ubaridi uliteremka kutoka begani mpaka kwenye vidole vyangu, na uzito mdogo ukakaa juu ya mkono wangu. Niliujua. Ulikuwa na harufu ya sabuni.

Mkono wetu ukavutwa kulia.

Sikushindana nao. Sikuweza. Niliendelea tu kutazama ile nukta, nikavuta pumzi, nikaanza kuitoa.

"Pale," nilisema. "Angalia pale tunaenda."

Nikashuka.

Kreyo iligusa, na palepale, nyuma yangu, Sophie akanyamaza. Hakunyamaza kama anayelala. Pumzi ile ya kukwaruza tuliyoisikia wiki nzima ilikatika. Georgette alisema, "Ee Mungu." Kila kitu ndani yangu kilitaka kugeuka. Mkono ulikuwa tayari kwenye kifua cha kanzu, umebakiza upana wa kidole kimoja.

Nilitazama nukta.

Uzito juu ya mkono wangu ulisita. Kisha ukageuka. Niliusikia ukigeuka, kama mtu anayegeuza kichwa baada ya kuitwa mara nyingi, na bega langu likaenda nao. Mmea ulijipinda chini ya moyo, ukateremka, ukapita tumboni, ukafika kwenye pindo. Hatukusimama. Hatukurudi nyuma. Mstari ulizunguka pindo lote na kukutana na mwanzo wake, na pale mwisho mkono uliinuka polepole, ukawa mwembamba, ukatoka juu ya kitambaa.

Ubaridi uliinuka pamoja na kreyo, ukaondoka.

Hapo tu ndipo nilipogeuka. Maman Anne-Marie hakuwa ameniangalia hata mara moja. Uso wake ulikuwa karibu na wa mtoto kiasi kwamba walikuwa wanapumua pumzi moja. Sophie alipiga chafya. Kisha akakunja uso na kulia, kilio kidogo cha njaa, cha mtoto mchanga.

"Lete hapa," Georgette alisema, akifungua vifungo. "Lete, nimpe, mbona munamuangalia tu!"

Tulimfungua akiwa ananyonya. Mstari mwekundu ulikuwa bado upo, lakini rangi yake ilikuwa imepauka. Jioni ulikuwa umeshuka mpaka gotini. Muuguzi alisema penisilini imeshika, na sisi tulimshukuru, kwa sababu alikuwa amekuja mwenyewe kwa miguu kumchoma sindano kila jioni.

Wanawake kumi na mmoja tulidarizi kanzu ile alasiri yote, tukiwa tumeizunguka kama watu wanaokula sahani moja. Masere alitengeneza chai. Jumapili Sophie aliivaa, na padri aliuliza kwa nini mmea umepanda mpaka moyoni na kurudi. Masere Delphine alimjibu kwamba ndivyo maharagwe yanavyokua huku. Nimeitazama kanzu ile mara nyingi tangu hapo, hata Sophie alipoitumia kwa watoto wake mwenyewe, na siwezi kuona mahali Colombe alipoishia na mahali nilipoanza.

Jambo moja nalibakiza. Jumamosi ile, nilipokuwa nasafisha meza, Georgette alishika gazeti langu, akalitazama muda mrefu.

"Nilihesabu sitini," alisema.

"Ndiyo. Sitini."

"Hapa kuko sitini na moja."

Huo wa sitini na moja ulikuwa chini ya mingine, wa bluu, mwembamba, na haukwenda kwenye nukta yoyote. Ulianzia upande wangu, pale ninaposimama, ukavuka maandishi yote ya gazeti, ukatoka kwenye ukingo wa karatasi upande wa dirisha, ambako ukungu ulikuwa umefunguka na ziwa lilikuwa linaonekana. Haukutetemeka popote. Na kabla ya ukingo ulikuwa umepungua, umepungua, kama mkono uliokwisha kuinuka.